Tarehe Kumi na Tano, Chanja Tupu

Oktoba 1

Naandika kwa hasira, kwa hiyo mwandiko wangu leo umelala upande. Daftari amenipa mume wangu, Twahiri. Amesema nimwage humu kila kitu, maana masikio yake yalishamalizwa na nyundo za karakana ya reli na hayataki makelele yangu tena.

Barua imekuja. Ile koperative iliyonikopesha mwaka jana imekabidhi deni langu kwa biro ya kulipisha watu madeni. Wakubwa wake wako Lubumbashi, na hapa Kalemie wamekodi chumba juu ya duka la dawa. Nadaiwa dola elfu moja mia moja arobaini. Wameongeza mia mbili sitini wanazoziita gharama za kunitafuta. Kunitafuta wapi? Miaka thelathini nauza ndakala, dagaa wa ziwani, pwani hiyohiyo ya Kituku. Ukimuuliza mtu yeyote Mama Mosi yuko wapi, atakuonyesha kabla hujamaliza kuuliza.

Deni silikatai. Nilikopa, nikajaza magunia arobaini ya ndakala wakavu kwenda Kongolo, mvua ikakata njia ya reli, mabehewa yakakaa porini wiki tano. Walipofika hawakuwa chakula tena. Nimelipa nusu kwa kujinyima. Lakini rehani niliyoweka ni karatasi ya kiwanja cha kuanikia, chenye chanja kumi na moja za waya, na hapo tunaanika wanawake wanne. Wakikiuza, sina pa kuanikia, na wenzangu watatu hawana pia. Hicho ndicho ninachokiogopa. Mengine yote nayaweza.

Oktoba 3

Nimekwenda biro. Nilivaa kitenge changu cha sherehe na viatu vinavyonibana.

Anayeshughulikia faili langu anaitwa Jean-Luc, kijana wa Lubumbashi, mwembamba, viatu vinang'aa utafikiri anavilamba. Ana wiki saba tu Kalemie. Ana adabu, hilo nalisema. Alinivutia kiti, akawasha mashine ya ubaridi, akaniita Mama kila sentensi.

"Mama, utaweza kulipa ngapi kila mwezi?"

"Mia mbili."

"Muzuri sana. Tarehe gani njo inakufaa?"

Sasa hapa ndipo niliponogewa na kiti. Nikajiona mfanyabiashara wa kweli, mtu wa kalamu na tarehe. Nikasema, "Yoyote, baba. Weka kumi na tano, katikati ya mwezi."

Akaandika. Malipo saba, kila tarehe kumi na tano. Chini yake wameandika kwamba nikikosa mara mbili mfululizo, kiwanja kinauzwa bila barua nyingine. Nikatia sahihi. Nilishuka ngazi zile nikijiona mke wa gavana.

Jioni Twahiri aliusoma mkataba, akaenda ukutani akaangua kalenda ya msikiti, yenye miandamo ya mwezi, akaiweka juu ya meza. Akaweka kidole kwenye kumi na tano Oktoba. Akafunua, kumi na tano Novemba. Akafunua tena, Desemba.

"Mama Sifa," akasema, jina analoniita nikijionyesha, "umewachagulia mbalamwezi."

Zote tatu. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mtoto wa darasa la kwanza pwani hapa anajua kwamba ndakala huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu samaki hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi inakaa nchi kavu siku kumi au zaidi. Tunanunua gizani, tunaanika gizani. Wachuuzi wa Kongolo wanachukua mzigo, na pesa wanairudisha wanapokuja kwa giza linalofuata. Tarehe kumi na tano pesa yangu yote itakuwa ndani ya magunia, njiani. Nimeishi na mwezi tangu ujana wangu, na siku moja tu ya kiti laini nimeusahau.

Oktoba 4

Nimerudi biro. Jean-Luc anasema mkataba ulishaondoka kwenda Lubumbashi na hauguswi.

"Mama, mwezi wa huko juu na mukataba, vinajuana wapi?"

Nimenunua nyanya, nimerudi nyumbani.

Oktoba 9

Mvua ya kwanza ya maana. Sufuria tatu chini ya paa. Twahiri amelala usingizi mzito, hasikii hata bati.

Oktoba 15

Nimelipa, lakini kwa pesa ya Clémentine.

Clémentine ni mwenzangu wa chanja nne za upande wa ziwa, mwanamke wa Moba, mnene, mcheshi, anasali misa ya kwanza kila Jumapili na kufika pwani bado anaimba. Sisi wanne tuna likelemba: kila giza kila mmoja anatoa fungu lake na mmoja anapokea yote. Zamu ilikuwa yake. Nilimweleza shida yangu nikiwa nimeangalia chini.

"Chukua," akasema. "Utanirudishia mu giza."

Hata hakuzihesabu. Nilishukuru, na moyoni nikasema ndiyo maana huyu mama hatajirika, pesa haimkai mkononi. Naandika hivyo kwa sababu niliahidi kuandika yote.

Oktoba 21

Hakuna mtumbwi uliotoka. Nimeshona turubai.

Oktoba 27

Giza limeanza vizuri. Beseni sita leo. Mikono inanuka na nimefurahi.

Novemba 2

Mvua siku mbili. Tulifunika, tukafunua, tukafunika. Beseni mbili zimeharibika, tukazipeleka kwenye moshi. Si mbaya.

Novemba 5

Wachuuzi wamelipa. Nilikuwa na mia mbili mkononi, nimezifunga kwenye pindo la kitenge, nikasema hizi ni za Jean-Luc, hazifunguliwi mpaka kumi na tano.

Mchana nikamwona binti wa Clémentine akigeuza samaki kwenye chanja za mama yake, saa za shule. Nikamuuliza kwa nini hayuko darasani. Akasema amefukuzwa kwa kutolipa minerval, ada ya shule, tangu Oktoba. Ile zamu ya likelemba ndiyo ilikuwa minerval yake. Na Clémentine alikuwa anakwenda kila Jumatatu kumbembeleza mkuu wa shule, anarudi pwani anaimba, haniambii neno.

Nilimwendea. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungechukua?"

Nikafungua pindo la kitenge. Alikataa mara tatu. Nikamwambia akikataa mara ya nne nitazipeleka kwa mkuu wa shule mwenyewe na kumtaja yeye kwa jina kama mwanamke mwenye kiburi. Akazichukua. Binti yuko darasani kesho.

Kuhusu pesa kutomkaa Clémentine mkononi, nilikosea. Zinamkaa vizuri tu, ila yeye anajua zinapotakiwa.

Novemba 15

Ijumaa. Mwezi umejaa. Sikulipa, sikuwa na kitu. Twahiri alirudi msikitini akaniuliza tutakula nini, nikamwambia maharagwe. Maharagwe yalikuwa matamu, sijui kwa nini.

Novemba 18

Leo karibu nikipoteze kiwanja.

Jean-Luc alikuja pwani bila kutuarifu. Biro ikikosa malipo, lazima waje kuona shughuli ya mdaiwa. Na alikuta nini? Chanja kumi na moja, zote tupu. Chini ya moja amelala mbuzi. Kwenye kivuli cha nyingine Clémentine amekaa anasukwa nywele, na mimi ndiye ninayemsuka. Hakuna beseni, hakuna gunia, hata harufu ilikuwa imepungua. Alipiga picha kwa simu, moja, mbili, tatu, akaandika kitu.

"Umeandika nini, baba?"

Hakuficha. "Nimeandika shuguli imekufa, Mama. Na kama shuguli imekufa, wakubwa watasema tuuzishe kiwanja mapema, mbele deni halijaongezeka."

Kitana kikanianguka. Nilitaka kumfokea na maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, lakini nilimtazama usoni nikaona haelewi kabisa anachokitazama. Ni mtu aliyefika shambani wiki moja baada ya mavuno akauliza mahindi yako wapi. Hakuwa na ubaya wowote. Na mimi kule biro nilikuwa hivyohivyo, ila mimi ndiye niliyetia sahihi.

Nikamwambia, "Ripoti hiyo usiitume."

"Mama, mi natumika tu."

"Najua. Rudi tarehe thelathini, asubuhi na mapema. Ukikuta chanja tupu, nitakupa kiwanja mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya watu."

Clémentine akageuka, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. "Na mi niko shahidi. Hata mbuzi iko shahidi."

Jean-Luc alijaribu kutocheka akashindwa. Alisema picha zimeshakwenda, lakini ripoti ataishika mpaka mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo hawezi.

Usiku nilimweleza Twahiri nilivyoahidi. Aliuliza, "Na mvua ikinyesha siku hiyo?" Sikulala vizuri.

Novemba 24

Mitumbwi imetoka jana. Kidogo tu.

Novemba 27

Beseni tatu. Mawingu. Twahiri anatazama kalenda kila asubuhi utafikiri itabadilika.

Novemba 30

Nitaandika yote hata mkono ukiuma.

Jean-Luc alikuja saa kumi na mbili na nusu, viatu vilevile. Mitumbwi ilikuwa inaingia. Alisimama pembeni na kalamu yake na kuanza kuhesabu beseni, akafika kumi na nne, akaacha kwa sababu zilikuwa zinapita mbele yake upesi kuliko anavyoandika. Tulimwaga, tukatandaza, tukachambua. Kufika saa tatu chanja zote kumi na moja zilikuwa nyeupe, na tukatandika nyavu kuukuu juu ya mchanga kwa waliobaki. Kulikuwa na wanawake ishirini na zaidi, wetu na wa jirani, na wachuuzi wawili wa Kongolo wakibishana bei na Clémentine, na Clémentine akiwashinda.

"Ile siku," Jean-Luc akaniuliza, "hii yote ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa ziwani, inangoja giza."

Nikamweleza polepole, taa, mbalamwezi, magunia njiani, wachuuzi wanaolipa wakirudi. Aliandika kila neno. Kisha akauliza swali lililonishangaza kwa uzuri wake: "Sasa Mama, kama unajua hivi, juu ya nini ulichagua kumi na tano?"

"Nilitaka unione mtu wa maana."

Akaacha kuandika. Nilisikia aibu, lakini nikajisikia mwepesi pia.

Mvua ilikuja saa tano kutoka milimani, bila kupiga hodi. Aliyewahi kuanika ndakala anajua, ukikawia dakika tano umepoteza siku tatu. Kila mtu alikimbilia turubai. Chanja ya mwisho ilikuwa haina mtu wa kushika pembe, na nilipogeuka nikamwona Jean-Luc ameishika, kalamu mdomoni, maji yanaingia kwenye viatu. Alishika mpaka mvua ikaisha, dakika arobaini. Clémentine alimwambia, "Papa, ukifukuzwa ku kazi kuja huku, mikono unayo."

Hatukupoteza hata beseni moja.

Tulimpa ugali na ndakala wabichi wa kukaanga, wenye vichwa. Alianza kutoa vichwa, akaona tunamtazama, akaacha. Alipomaliza sahani ya pili akachukua simu akampigia mkubwa wake Lubumbashi, Madame Elisabeth, na kuiweka sauti juu ili tusikie wote.

Alimweleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Alisema zile picha za chanja tupu zilimdanganya, kosa ni lake. Kisha akanipa simu.

"Mama Mosi," sauti ikasema, kavu, ya mtu aliyechoka kusikia sababu za watu. "Kila mutu anipigiaka iko na sababu. Wewe unataka nini?"

"Nataka kukulipa, Mama. Lakini nilipe siku ya tatu baada ya mwezi kuandama. Siku hiyo wachuuzi wamefika na pesa ninayo. Tarehe kumi na tano utanipata nasuka nywele."

"Mashini yetu haijuake mwezi. Iko na tarehe."

"Tarehe tutakupa. Mume wangu ana kalenda, zimepigwa chapa za mwaka mzima."

"Na biro itapoteza siku ngapi ku hiyo hesabu yenu?"

Hapo Twahiri, ambaye nilidhani hasikii chochote, alisogeza mdomo kwenye simu na kupiga kelele kama yuko karakana: "Hamutapoteza! Mwaka wa mwandamo uko mufupi! Siku kumi na moja!"

Tulidhani laini imekatika.

"Ni kusema," Madame Elisabeth akasema taratibu, "munataka kunilipa mbele ya wakati."

"Kidogo," nikasema. "Na kwa sababu hiyo uniondolee zile gharama za kunitafuta. Sikupotea."

Nilimsikia akicheka, au akikohoa. Alisema ana miaka kumi na miwili kwenye kazi hii na hajawahi kuona mdaiwa anayeomba miezi mifupi. Alisema atafikiri na atajibu. Hakuahidi.

Nimechoka, nguo zote zimelowa, na leo ilikuwa siku nzuri.

Desemba 4

Hakuna jibu.

Desemba 9

Hakuna jibu. Nimeuza magunia manane, watalipa giza lijalo; pesa yangu yote imo humo.

Desemba 12

Nimekutana na Jean-Luc sokoni. Ananunua ndakala. Jibu hakuna.

Desemba 15

Jumapili, mbalamwezi, mara ya pili mfululizo. Kwa mkataba ule, leo kiwanja si changu tena. Nilikwenda nikakaa juu ya ndoo katikati ya chanja. Clémentine alinikuta, bado na nguo za misa, akakaa juu ya ndoo nyingine. Hakuimba. Tulikaa mpaka jua likawa kali, halafu akasema ana maharagwe, tukaenda kula. Nikiwa naye sikuogopa sana. Niliogopa niliporudi nyumbani.

Desemba 16

Nilifika biro kabla hawajafungua. Jean-Luc alipanda ngazi akanikuta mlangoni, akaanza kutabasamu kabla hajasema, na mimi nikaanza kulia kabla hajasema.

Madame Elisabeth amekubali mwandamo. Ameziona tarehe kwenye picha ya kalenda ya Twahiri, ameziingiza kwenye mashine yake kwa mkono. Gharama nilizoomba zifutwe zote, amefuta mia mbili, ameacha sitini. Nilitaka kubishania hizo sitini, Jean-Luc akatikisa kichwa, nikanyamaza. Lakini hasamehi kuchelewa: Januari nalipa mia nne kwa mkupuo. Nikishindwa, mazungumzo yamekwisha.

Mia nne kwa giza moja, katikati ya mvua. Nimesema nitaweza. Safari hii nilihesabu kwanza, hapohapo mbele yake, kwenye vidole.

Desemba 23

Tumeinua turubai juu ya miti, juu ya chanja zote, ziwe tayari. Wazo ni la Clémentine.

Desemba 25

Clémentine katuletea wali wa Noeli na kuku. Mchana alirudi kugeuza samaki.

Desemba 28

Beseni kumi. Mvua ilinyesha saa nne, hakuna aliyekimbia.

Desemba 30

Beseni tisa. Wachuuzi wamefika mapema. Mia tatu na kumi ziko kwenye pindo.

Januari 1

Mia nne na ishirini. Nimezihesabu, Twahiri kazihesabu, nikazihesabu tena.

Magharibi tulitoka kutazama mwezi upande wa milima. Jean-Luc alikuja pia, kwa miguu, anasema biro inahitaji kuhakikisha. Aliuona wa kwanza, akanyoosha kidole, na wazee wa msikiti wakampongeza. Twahiri anasema macho ya kijana yule yangefaa reli.

Januari 3

Nimelipa mia nne. Risiti ninayo. Zimebaki mia sita, miandamo mitatu, na kiwanja ni changu.

Nilidhani tumemaliza, lakini Jean-Luc alifunga mlango akakaa mbele yangu, siyo nyuma ya meza.

"Mama, Madame Elisabeth anaomba musaada. Niko na bamama wengine kumi na moja wa pwani. Bote beko na deni. Bote banakosa kulipa. Jana nimeangalia mikataba yabo. Bote balichagua kumi na tano, ao tarehe ya mwisho ya mwezi."

"Kumi na moja? Nani na nani?"

"Majina siwezi kukuambia. Ni siri yabo. Ile ninaomba ni tarehe tu."

Nilikaa nikiwafikiria. Kumi na moja, na siku zote hizi nilijiona peke yangu pwani nzima mwenye barua chini ya godoro. Kila mmoja amevaa kitenge chake kizuri, amepanda ngazi zile, amekaa kwenye kiti kile laini, akataka kuonekana mtu wa maana. Na asubuhi tunapigiana kelele za bei kana kwamba hakuna anayedaiwa hata faranga.

Nikamtuma Jean-Luc akamwite Twahiri na kalenda. Tulikaa mpaka adhuhuri, Twahiri anasoma, mimi nasema siku ambazo wachuuzi hulipa na za kuachia mvua, Jean-Luc anaandika, mikataba kumi na moja bila majina.

Niliporudi nilipita pwani nzima kwa miguu, toka mwanzo hadi mwisho. Niliwasalimu wote kwa sauti, hata Mama Mamie ambaye hatusemeshani tangu mwaka juzi, kwa sababu sikujua wale kumi na moja ni nani kati yao.